Muulize Shangazi wa Maabara: Kupita Geti na Kufika Ghalani

Mwezi huu barua karibu zote zimebeba neno moja: nano. Wengine wameliona kwenye vibandiko vya chupa sokoni, wengine wamelisikia kwa watoto wao walio vyuoni. Nimechagua barua nne.

Kwa msomaji mgeni: mimi ni binti wa Bombo, mji wa kambi ya jeshi hapa Uganda. Kiswahili nilikipata kambini kwa baba, sayansi nikaipata katika maabara za Kampala, ambako nilifuga seli miaka kumi na tisa kabla ya kustaafu. Ndiyo, kufuga. Seli hulishwa, husafishiwa, na ukizisahau Jumamosi na Jumapili, Jumatatu unazikuta zimekufa kama vifaranga. Na wale wanaoniletea mambo ya ndoa kwa kuona jina Shangazi na kudhani mimi ni senga wa Kiganda, nawaomba tena: mtafuteni senga.

*

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni wakala wa forodha hapa Malaba mpakani. Kijana wangu ananiambia siku hizi jeni inaingizwa ndani ya seli ya mtu kwa vichembe vya mafuta badala ya kirusi. Mimi hata sikujua kwamba kirusi kilikuwa kinatumika! Kwa nini mgonjwa apewe kirusi? Na hayo mafuta yanapitaje?*

Marahaba ndugu yangu. Mtu wa Malaba hahitaji kuelezwa kwamba kupita geti ni safari moja na kufika ghalani ni safari nyingine, kwa hiyo umenipunguzia kazi.

Tuanze na mzigo. DNA, ambamo jeni zimeandikwa, ni uzi mrefu wenye chaji hasi tangu mwanzo hadi mwisho. Utando wa seli nao kwa nje una chaji hasi, kwa hiyo vinasukumana. Zaidi ya hapo, damu ina vimeng'enya vinavyoukata uzi huo vipandevipande kwa muda mfupi. Kumchoma mtu DNA tupu mshipani ni kama kuacha magunia ya sukari wazi barabarani kwenu usiku kucha. Asubuhi utakuta wapi?

Kirusi ni dereva mzoefu wa njia hii, maana maisha yake yote ni kupenyeza jeni zake ndani ya seli za wengine. Wataalamu wakasema: tukitoe jeni za kuleta ugonjwa, tukipakie jeni ya tiba, kiendeshe. Na kinaendesha vizuri, sitakidharau. Lakini gari lake ni dogo. Kirusi kinachopendwa zaidi, AAV, hubeba herufi 4,700 hivi. Jeni ya distrofini, inayoharibika kwa watoto wenye ugonjwa wa misuli kunyauka, ina herufi zipatazo 11,000 hata ukihesabu zile zinazosomwa tu. Hapo hata ukilipa mara mbili, lori halitoshi. Tena mwili unazo kumbukumbu: kinga ikishakijua kirusi, mara ya pili inakisubiri na rungu. Na mara nyingine haingoji hiyo mara ya pili. Mwaka 1999, huko Philadelphia, Marekani, kijana wa miaka 18, Jesse Gelsinger, alipewa kirusi cha jamii ya adeno kilichobeba jeni ya kulisaidia ini lake kuondoa amonia. Kinga yake ikakilipukia kirusi chenyewe. Siku ya nne alifariki.

Ndipo watu wakazidi kutafuta wabebaji wasio virusi. Wamejaribu vingi: vichembe vya dhahabu, silika yenye matundu, kitosani inayotokana na maganda ya kamba na kaa, polima za kila namna. Magazeti yanapenda dhahabu, inapendeza kwenye kichwa cha habari. Mimi naona mafuta yametangulia kwa sababu ya kawaida kabisa: mwili unajua kuyavunja na kuyatumia. Dhahabu ikishaingia kwenye ini, nani ataitoa?

Chembe ya mafuta inayotumika leo ina aina nne za mafuta. Kuna kolesteroli, kuna fosfolipidi kama zile za utando wa seli zako, kuna mafuta yaliyofungwa mkia mrefu ili chembe zisigandane, na kuna la nne, ambalo ndilo fundi. Hilo likiwa kwenye asidi linakuwa na chaji chanya. Likiwa kwenye damu, ambayo haina asidi, linapoa na kukosa chaji. Maabara huyayeyusha mafuta kwenye alkoholi na kuyachanganya ghafla na maji yenye asidi kidogo, ambamo imo RNA, ndugu mfupi wa DNA anayebeba maagizo yake. Chanya inaidaka hasi, mzigo unafungwa, kisha asidi na alkoholi vinaondolewa. Kinachobaki ni vitufe vyenye upana wa nanomita 100 hivi. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Ungevipanga vitufe hivyo mstari mmoja, zaidi ya sabini vingeenea juu ya chembe moja nyekundu ya damu.

Kama umewahi kupika luwombo utanielewa haraka. Jani la mgomba linapitishwa motoni lilegee, nyama na mchuzi vinafungwa, vinatiwa mvukeni masaa. Jani likipasuka sufuriani, mchuzi umekwenda. Lakini jani likigoma kufunguka mezani, mgeni atakula nini? Mbebaji wa jeni anadaiwa yote mawili: kushikilia njiani, kuachia mwishoni.

Sasa geti. Chembe ikiwa kwenye damu hupandiwa na protini iitwayo apolipoprotini E, ambayo kazi yake ya kila siku ni kusindikiza mafuta ya chakula. Seli ya ini ikiiona hufikiri huu ni mzigo wake wa kawaida, inaumeza. Hakuna kuvunja mlango, mwenye nyumba anafungua mwenyewe.

Hapo ndipo wengi huandika "jeni imeingia" wakafunga habari. Bado! Kilichomezwa kimo ndani ya kifuko, na kifuko hicho ndiyo yadi yenu. Lori limepita geti, limeegeshwa, karatasi hazijatoka. Ndani ya kifuko asidi inapanda kidogo kidogo, na mwisho wa foleni kuna vimeng'enya vya kusaga kila kitu. Mzigo lazima utoke kabla ya hapo. Sasa lile fundi la mafuta, likiionja asidi, linapata chaji chanya upya, linashikana na utando wa kifuko wenye chaji hasi, utando unavurugika, na RNA inachopoka kuingia kwenye uwanja wa seli.

Ni ngapi zinazochopoka? Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2013 vilionyesha kwamba katika kila vipande 100 vya RNA vilivyomezwa, vilivyofika uwanjani ni kimoja au viwili. Vilivyobaki vilisagwa au kutemwa nje. Wewe ungekuwa unavusha malori mawili kwa mia, wenye mizigo wangekuchoma moto. Lakini katika kazi hii mawili yametosha kutengeneza dawa: mwaka 2018 Marekani iliidhinisha patisirani, dawa ya kwanza ya vipande vya RNA vinavyonyamazisha jeni, ikiwa ndani ya chembe hizi za mafuta, kwa ugonjwa wa kurithi wa neva.

Utaona ninasema RNA zaidi ya DNA. RNA ikishatoka yadini imefika, seli inaisoma palepale uwanjani. DNA bado ina geti la pili, kiini cha seli, na hilo ni gumu zaidi.

Nikurudishe Philadelphia. Mapema mwaka 2025 mtoto wa miezi sita hivi, mwenye ugonjwa wa ukoo uleule wa Jesse, wa ini kushindwa kuondoa amonia, alipewa mshipani chembe za mafuta zilizobeba maagizo ya kusahihisha herufi moja iliyokosewa kwenye jeni yake. Alipewa mara tatu kati ya Februari na Aprili. Kwa kirusi dozi ya pili tu ingekuwa mashaka. Mafuta hayana sura ambayo kinga inaishikia kisasi namna hiyo. Madaktari wake hawakutangaza kwamba amepona kabisa, lakini Juni alikwenda nyumbani. Mji uleule, ini lilelile, miaka 26 katikati. Nilipoisoma habari hiyo chai yangu ilipoa mezani.

*

*Shangazi, wakati wa Korona nilichanjwa AstraZeneca mara mbili, baadaye Pfizer. Jeni zangu zimebadilishwa? Mimi dereva wa taksi, Wandegeya.*

Hapana. Wewe umebebewa mzigo kwa magari yote mawili: AstraZeneca ilisafiri ndani ya kirusi cha mafua cha sokwe kilichozuiwa kuzaliana, Pfizer ndani ya mafuta niliyoeleza hapo juu. RNA ya Pfizer haiingii kwenye kiini zilimo jeni zako, na huvunjwavunjwa baada ya siku chache. Kirusi cha AstraZeneca nacho si cha ile aina inayojishonea kwenye kromosomu za mtu.

Tofauti iliyotugusa sisi ilikuwa baridi. AstraZeneca iliridhika na friji ya kawaida ya zahanati, nyuzi 2 hadi 8. Pfizer ilitaka kutunzwa kwenye nyuzi 70 chini ya sifuri. Mtu aliyeishi na umeme wetu anajua hiyo ni lugha gani. Hata hivyo msidhani sisi ni wapokeaji tu: huko Masaka watu 42 walijitolea kujaribiwa chanjo ya RNA inayojizidisha yenyewe ndani ya seli, ikiwa kwenye chembe za mafuta hizihizi, chini ya watafiti wenye makao yao Entebbe.

*

*Salaam Shangazi. Mwanangu wa kiume ana miaka sita, ana sikoseli. Hapa Arua kuna mtu anauza matone ya nano ya kurekebisha jeni, chupa shilingi 350,000, na mtoto anatakiwa amalize chupa tatu. Amesema ni teknolojia ileile ya chanjo za Korona. Nimelipa chupa moja, nimeuza mbuzi wawili. Nimalizie?*

Dada yangu, usimalizie. Na hiyo chupa uliyonayo usimpe mtoto hata tone, kwa kuwa hatujui kilichomo.

Sikulaumu. Mzazi aliyekesha na mtoto anayelia mifupa saa tisa za usiku angenunua hata moshi wa chupa. Huyo mtu pia si mjinga, amechukua maneno ya kweli. Kwa hiyo ngoja nikupe ya kumjibu akirudi mlangoni.

Mwambie matone yanamezwa. Tumbo la mwanao lina asidi na vimeng'enya vya kusaga nyama ya ng'ombe. RNA itasalimika vipi humo? Chembe za mafuta za kweli hutiwa kwa sindano. Halafu muulize, zikishaingia zitakwenda wapi? Nimemweleza ndugu wa Malaba: zikipita kwenye damu, zinakimbilia ini. Ugonjwa wa mwanao chanzo chake hakimo kwenye ini. Chembe nyekundu za damu huzaliwa ndani ya mifupa, kwenye uboho, na ni seli mama za huko zenye jeni iliyokosewa: herufi moja, A ikawa T, na protini ya damu ikapata valini mahali pa asidi ya glutamiki, nafasi ya sita. Kosa dogo hivyo ndilo linalopinda chembe nzima kama mundu. Mwisho muulize jina la hospitali iliyompima mtoto yeyote kabla na baada ya chupa hizo. Hapo ataanza kutazama simu yake.

Matibabu ya jeni ya sikoseli yapo, sikufichi. Dawa iitwayo Casgevy iliidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata. Lakini haidungwi tu. Wanatoa seli mama za mgonjwa, wanazipeleka maabara, wanazipiga mshtuko mfupi wa umeme utando ufunguke (huko nako hakuna kirusi, wala mafuta), wanaingiza mkasi wa kukata jeni, uitwao CRISPR, unaoamsha upya damu ya aina ya kichanga, ile ambayo mwanao alizaliwa nayo ikamlinda miezi ya kwanza. Kabla ya kurudishiwa seli zake, mgonjwa hupewa dawa kali za kuusafisha uboho wote. Idhini ilianzia miaka 12. Bei ya Marekani ni dola milioni 2.2, zaidi ya shilingi bilioni saba. Siandiki hesabu hii kukukatisha tamaa. Ninaiandika ili ukisikia "shilingi 350,000" ujue unachoambiwa.

Ninachokisubiri mimi ni kitu kingine: chembe ya mafuta yenye anwani ya uboho, ambayo nesi anaweza kuidunga, basi. Mwaka 2023 watafiti wa Philadelphia, mji huo tena, walibandika juu ya chembe hizo kingamwili inayozitambua seli mama za damu, na kwa panya zikafika kwenye uboho bila seli kutolewa nje. Kwenye seli za wagonjwa wa sikoseli zilizowekwa kwenye vyombo vya maabara, waliweza kurekebisha jeni yenyewe. Ni panya, ni vyombo. Usiuze mbuzi kwa ajili ya panya.

Kilichopo leo na kinachofaa ni haidroksiyurea. Katika utafiti wa nchi nne za Afrika, Mbale ikiwa kituo kimojawapo, watoto 606 walianza dawa hiyo. Maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, malaria ilipungua, na vifo vilipungua. Muulize daktari wa kliniki ya sikoseli hospitali kubwa ya kwenu kama mtoto anaweza kuanza, maana lazima apimwe damu kila mara. Asiache foliki asidi wala dawa ya kinga ya malaria aliyoandikiwa, alale ndani ya chandarua, anywe maji ya kutosha. Homa ikipanda ni hospitali usiku huohuo, msisubiri kupambazuke.

Na watu wakikunong'ona kwamba ni laana ya upande wa mzee wako, waambie hivi. Katika sampuli za watoto zilizokusanywa nchi nzima na matokeo kuchapishwa mwaka 2016, watoto 13 katika kila 100 wa Uganda walikuwa wamebeba jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja. Mwaka 1949, kwa Waamba wa Bundibugyo, Lehmann na Raper walihesabu karibu 45 katika kila 100. Mwanao amepata moja kwako na moja kwa baba yake, sawa kwa sawa.

*

*Shikamoo Shangazi. Niko mwaka wa mwisho, Mbarara. Naingiza plasmidi (kiduara cha DNA) yenye jeni ya kung'aa kijani kwenye seli za binadamu za maabara, HEK, kwa kutumia polima ya polietilenimini. Mara ya kwanza seli zote zilikufa. Nikapunguza, hakuna hata moja iliyong'aa. Msimamizi wangu anasema plasmidi ni mbovu, niagize nyingine. Nimebakiza wiki saba.*

Marahaba mwanangu. Usiagize. Ngoja nikusimulie.

Mwaka wangu wa tatu kazini nilipewa kazi hiihii, jeni ileile ya konyeza wa baharini. Nilichanganya DNA na polima kwenye kijichupa, mchana wa saa nane, na umeme ukakatika. Jenereta ikagoma. Tukabeba vyupa vya seli kwenda inkubeta ya jengo la pili, tukashika na vya wenzetu, na niliporudi mezani yalikuwa yamepita karibu masaa mawili. Kijichupa nilichokiacha na maji meupe safi sasa kilikuwa na vijivipande vinaelea, kama maziwa yaliyoanza kukatika. Niliviona, kwa macho yangu. Lakini polima ile ilikuwa imetoka ng'ambo, tuliingoja miezi, na mimi ni mbahili. Nikakitikisa, nikamimina.

Asubuhi seli zilikuwa juu, zinaelea kama pumba. Mkubwa wangu akasema maneno ya msimamizi wako: plasmidi mbovu. Tukaagiza nyingine, tukasubiri wiki kumi na moja. Ilipofika nikarudia, safari hii nikiwa nimeshika saa: dakika ishirini, sio zaidi. Kesho yake nikaweka jicho kwenye darubini, na katika giza nikaona vijani, kimoja hapa, viwili pale, hafifu kama taa za nyumba ukizitazama usiku kutoka basi la Gulu. Nilikuwa na ile plasmidi ya kwanza kwenye friza, nikaijaribu kwa ukimya. Iling'aa vilevile. Sikumwambia mkubwa wangu. Leo anasoma hapa.

Polietilenimini ilianza kutumika kwa kazi hii mwaka 1995, maabara ya Strasbourg, Ufaransa, na hadi leo ni miongoni mwa zile za bei nafuu. Ina chaji chanya nyingi mno. Ndiyo maana inaifunga DNA vizuri, na ndiyo maana ile isiyopata DNA ya kushika inashika utando wa seli na kuutoboa. Kwa hiyo vifo vyako vya kwanza naviweka kwenye polima iliyozidi, au vitonge vilivyokua vikubwa kwa kukaa sana. Kukosa kijani kwako mara ya pili inawezekana ni polima kuwa chache, au ulichanganya ndani ya chakula cha seli chenye seramu, yaani majimaji ya damu. Hilo wengi hawaambiwi: protini za seramu huivamia chembe kabla haijafungika sawasawa. Changanya kwenye maji ya chumvi ya milimola 150, bila seramu, dakika 15 hadi 20, ndipo umwage.

Anza na uwiano wa uzito wa 3 kwa 1, polima kwa DNA, na pembeni yake ujaribu 2 na 4. Seli ziwe zimefunika sakafu ya chombo kama sehemu mbili ya tatu. Badilisha chakula baada ya masaa manne au sita. Halafu tenga vishimo vitatu ambavyo wanafunzi huviona ni hasara: kimoja polima peke yake, kimoja DNA peke yake, kimoja bila kitu. Seli zikifa kwenye kishimo cha polima peke yake, umeshampata mwuaji na plasmidi yako haimo. Ili kumridhisha msimamizi, ipime plasmidi: uwiano wa mwanga inaoufyonza kwenye nanomita 260 kwa 280 ukiwa 1.8 hivi na mikanda kwenye jeli ikiwa safi, mwonyeshe hiyo karatasi kwa adabu. Na usisahau kupima pH ya polima yenyewe. Iliyonyooka haiyeyuki vizuri kwenye maji baridi, watu huipasha moto au kuitia asidi, kisha wanasahau kuirudisha kwenye 7.

Wiki saba zinatosha kurudia mara nne hata umeme ukikusumbua. Ukiona kijani, niandikie. Usipoona, niandikie vilevile, na uniambie mchanganyiko ulikaa mezani dakika ngapi. Ukweli, sio zile za kwenye daftari.